"Kuvunja Mstari": Istilahi Inayopotosha

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazostahili kupimwa upya ni "kuvunja mstari". Istilahi hii imefuata umbo la Kiingereza neno kwa neno, wala haielezi jambo lenyewe. Hakuna kinachovunjika: mstari wa faili la maandishi humalizwa kwa alama isiyoonekana. Katika taipureta kazi hiyo ilikuwa na hatua mbili, yaani kurudisha kigari mwanzo na kuzungusha karatasi ipande mstari mmoja. Windows ingali inaziandika zote mbili, kwa alama namba 13 na namba 10. Linux hutosheka na namba 10 peke yake. Ndiyo maana, kabla ya mwaka 2018, faili la Linux likifunguliwa katika Notepad lilionekana kama mstari mmoja mrefu.

Ubovu wa istilahi hudhihirika zaidi tunapofundisha faili la amri, lile ambalo jina lake huishia kwa .bat. Tuchukue mfano wa karani wa ushirika huko Lingeka, mkoani Simiyu, anayetaka orodha ya wakulima wa pamba: jina na kilo, mstari mmoja kwa kila mtu. Amri ya echo huandika maneno na kuweka kikomo papo hapo. Akitumia echo kwa jina na tena echo kwa kilo, kilo zitashuka mstari wa pili. Basi jina hana budi kuliandika hivi:

set /p "=Jina " <nul >> orodha.txt

Amri hii kwa kawaida huuliza swali na kungoja jibu. Hapa imeelekezwa kusoma nul, yaani pasipo kitu, kwa hiyo huandika jina na kupita bila kuweka kikomo. Kilo zikifuata kwa echo, mstari hukamilika. Lakini akiandika kilo nazo kwa set /p, jina la mkulima wa pili litagandamana na kilo za wa kwanza, na mkulima hatajua alipwe kwa hesabu ipi. Aliyefundishwa "kuvunja" atatafuta palipovunjika. Aliyefundishwa "kikomo" atajua kilichokosekana.

Yupo atakayetetea "kuruka mstari". Hiyo nayo haifai hapa, maana mwanafunzi akiambiwa na mwalimu wake aruke mstari, huacha mstari mmoja mtupu. Kazi hiyo ina amri yake, echo. yenye nukta, na inastahili jina lake.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi tatu: "kikomo cha mstari" kwa alama yenyewe, "kuendeleza mstari" kwa kuandika bila kikomo, na "kuruka mstari" kwa kuacha mstari mtupu. Zote zimetokana na maneno ambayo Mswahili anayo tayari. Wanaistilahi na wazipime.