'Nusukipitishi' ni nusu ya nini?

Nyeri ina kiwanda cha Semiconductor Technologies, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Sasa hebu tukitaje kinachoshughulikiwa humo kwa Kiswahili. Wapo wanaosema 'nusukipitishi'.

Jina hili linapotosha. Msomaji wa Karatina akisikia 'nusu' atadhani ni waya dhaifu, unaopitisha nusu ya umeme unaopitishwa na shaba. Sivyo! Silikoni safi hupitisha umeme kidogo mno. Ukiitia chembe chache za fosforasi au boroni, hupitisha mara nyingi zaidi. Sifa yake ni kubadilika tunavyotaka.

Mwaka 1980, Mjerumani Klaus von Klitzing aliiweka transista ya silikoni katika baridi kali na uga mkubwa wa sumaku. Alipobadilisha volteji, ukinzani uliopimwa kukingama na mkondo ulipanga vidato kama ngazi: omu 25,812.807 zikigawanywa kwa 1, 2, 3 na kuendelea. Alituzwa Nobeli mwaka 1985, na maabara za vipimo hutumia vidato hivyo kusahihisha vifaa vyao. Kitu kinachotoa kipimo kamili hivyo, ati 'nusu'?

Utaniambia hata Kiingereza kinasema nusu. Ni kweli, lakini kwani lazima turithi kosa la jirani? Napendekeza 'kipitishi badilifu'. Mwanafunzi anayeingia kiwandani humo anastahili neno linalomwonyesha kazi yake, si linalomficha.