Kofia ya Abiria

Barabara ya kutoka Korogwe kupitia Magoma hadi Mashewa ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na vyote viwili huishia kwenye helmeti. Ya dereva ina wa kuijali, maana anaivaa mwenyewe. Ya abiria ndiyo yatima. Hupita kichwa hadi kichwa, kuanzia nywele zilizopakwa mafuta asubuhi hadi kilemba cha mama anayewahi gulio, na jioni huning'inia kwenye usukani na majasho ya wote hao. Abiria akiinusa, anaipakata. Afadhali ajali asiyoiona kuliko mba anazozijua.

Ndiyo maana nawasifu madereva wachache wa kijiweni wanaoosha kofia ya abiria kabla ya kuosha pikipiki. Tazama mkono wa anayeijua kazi. Kioo hakifuti kikavu. Hulowanisha kitambaa cha pamba, hukilaza juu yake na kusubiri tope na wadudu walainike, kwa sababu punje ya mchanga ikisuguliwa huchora mikwaruzo, na usiku taa ya lori ikija mbele, mikwaruzo hiyo humeta yote kwa pamoja. Kisha huchomoa sponji za mashavuni, huzitia kwenye beseni la maji vuguvugu yenye sabuni isiyo kali, huziminya bila kuzisokota, huzianika kivulini. Zilizogundishwa huzipangusa papo hapo. Matundu ya hewa ni kazi ya mswaki chakavu.

Petroli haihusiki. Hapa nagombana na kijiwe kizima, maana kitambaa chenye petroli ndicho kinachong'arisha rimu. Lakini maganda ya helmeti nyingi ni plastiki, na ndani yake mna povu jeupe kama lile linalokuja na televisheni mpya. Petroli hulila povu hilo na kuidhoofisha plastiki. Kofia inang'aa, kumbe imekufa.

Povu lile lina kazi moja: kubonyea kabla ya fuvu. T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi wa Uingereza, alipofariki kwa ajali ya pikipiki nchini humo mwaka 1935, Hugh Cairns, daktari wa upasuaji wa ubongo aliyemhudumia, aligeukia vifo vya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha alichokiona kuhusu helmeti. Tafiti zilizofuata, zikijumlishwa, zinaonyesha kwamba aliyevaa akipata ajali, hatari ya kuumia kichwa hupungua kwa takriban asilimia 69. Kofia iliyopakatwa haimo kwenye hesabu hiyo. “Vaa, mama, imeoshwa,” asemaye hivyo ndiye dereva anayemwingiza abiria humo.

Povu likishabonyea halirudi. Kofia iliyogonga jiwe kichwa kikiwa ndani haioshwi tena. Anayejua huikata mkanda wa kidevuni kwanza, ndipo anaitupa, asije mtu akaiokota, akaisugua vizuri, akaiuza.