Tunapamba biro ya mashini, lakini tunasoma tunachokopia?



Kati yetu kuna waliohamia Linux kwa sababu mashini walizonunua zilikuwa zimeshatumika, na Windows ilikuwa inazilemea. Vizuri. Lakini muangalie kazi ya kwanza wanayofanya: wanakopia skripti kwenye intaneti, yaani faili ya amri ambazo mashini inafuata mstari kwa mstari, ili picha ya biro ibadilike kila saa na saa kubwa ikae katikati ya ekra. Wanapiga picha, wanatuma kwenye kikundi, tunasema "bravo!" Basi, imeisha.

Mimi sipingi mapambo. Mtu anayekaa saa sita mbele ya ekra ana haki ya kuona kitu kinachomfurahisha. Lawama zangu ni mbili.

Ya kwanza: tunapamba pasipo na shida, penye shida tunapaacha. Kwetu Bulambika wengi tunachaji kwa pano ya sola. Jua likijificha siku mbili, TFC inasimama. Sasa, ndani ya Linux kuna faili ndogo: /sys/class/power_supply/BAT0/capacity (kwa mashini zingine ni BAT1). Imebeba namba moja tu, asilimia ya batri iliyobaki. Skripti fupi inaweza kusoma namba hiyo kila dakika kumi. Ikishuka chini ya 30, ipunguze mwanga wa ekra, igeuze biro kuwa nyekundu ili ushtuke, kisha ikopie folda ya TFC kwenye flashi. Hayo pia ni mapambo, tena yanaokoa kazi.

Ya pili ndiyo nzito: tunakopia bila kusoma. Ukiandika rm -rf na jina la folda, folda inafutwa palepale, haipiti kwenye kikapu cha taka. Mimi mwenyewe yalinikuta. Skripti niliyopewa ya "kusafisha biro" ilisafisha kweli, pamoja na sura ya pili ya kazi yangu. Niliiandika upya wiki tatu. Nilipofungua ile skripti baadaye, amri ilikuwa pale wazi, mstari wa nne. Ningeisoma tu.

Wengine watasema hayo ni ya mafundi, ni Kiingereza kitupu. Si hivyo. Bash, programu inayosoma amri hizi kwenye mashini nyingi za Linux, ilitoka mwaka 1989, na amri zake za kila siku ni fupi: cp ni kukopia, mv ni kuhamisha, rm ni kufuta. Halafu kuna alama ya #. Ukiiweka mwanzoni mwa mstari, mashini inaruka mstari huo. Hapo ni pako, andika Kiswahili! Kabla ya kuendesha skripti ya mtu, weka # juu ya kila amri na ueleze inafanya nini. Amri ikikushinda kueleza, usiiendeshe. Uliza mwenzako kwanza.

Picha nzuri mutume tu, tutazipenda. Ila safari ijayo mutume na skripti yenyewe, ikiwa na maelezo yake ya Kiswahili, ili wadogo zetu walio sekondari waisome na kuitengeneza upya.

Munasemaje, wenzangu?