Zaburi ya 55 na Hofu ya Ghafla: Usomaji Kutoka Mpakani Tunduma

Mhubiri anapotaka kuwafariji wenye hofu, mara nyingi huukimbilia mstari wa 22 wa Zaburi ya 55, ule wa kumwachia Bwana mzigo. Ni mstari mwema. Lakini kabla yake, katika mistari ya 4 na 5, mshairi amekwisha kusimulia maumivu ya kifuani, mtetemeko wa mwili, na hali ya mtu anayedhani anakufa saa ile ile. Haoni haya kuyasema hayo mbele za Mungu, wala hayatubii kana kwamba ni dhambi.

Natumia Tunduma kama mahali pa kuisomea zaburi hii. Tuchukue mfano wa dereva aliye katika foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde. Ghafla moyo unamwenda mbio, pumzi inambana, vidole vinakufa ganzi. Baada ya dakika kumi hivi hali inaanza kutulia, na hospitalini moyo wake unaonekana mzima. Yakimrudia tena na tena, naye akaishi mwezi mzima au zaidi akiogopa yatakayofuata, madaktari wa akili huuita ugonjwa wa hofu ya ghafla. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliupa nafasi yake yenyewe mwaka 1980. Kwetu kanisani dereva huyo aweza kuambiwa kwamba ana pepo, au kwamba imani yake ni haba. Hapo kosa la usomaji hugeuka kuwa kosa la uchungaji.

Mwaka 1986 David M. Clark wa Uingereza aliueleza ugonjwa huu kama duara: mgonjwa huyachukua mapigo ya moyo kuwa dalili ya kifo, hofu hiyo huyaongeza mapigo, nayo mapigo huizidisha hofu. Tiba ya mazungumzo hulivunja duara hilo. Daktari akiisha kuupima moyo, damu na tezi ya shingo, mtaalamu humsaidia mgonjwa kuichunguza tafsiri yake. Hata humpandisha ngazi kwa makusudi mpaka moyo uende mbio, ili ajionee mwenyewe kwamba hafi. Kisha humrudisha kidogo kidogo mahali alipopakimbia. Zipo pia dawa, zile zile zinazotumika kutibu sonona.

Kwa sababu hiyo naiona mistari ya 6 hadi 8, yenye mabawa ya njiwa na shauku ya kukimbilia jangwani, kuwa kiini cha zaburi, ingawa wengi huipita kama pambo. Kukimbia hutuliza leo na kuilisha hofu ya kesho. Mshairi anatamani kuruka, lakini haruki. Anabaki katika mji ule ule wenye dhuluma sokoni, na katika mstari wa 17 analia kwa Mungu mara tatu kwa siku.

Tusiilazimishe zaburi, hata hivyo, iwe kitabu cha tiba. Mshairi anayo sababu ya hofu yake: jeuri ya mjini na rafiki msaliti. Mgonjwa wetu huenda hana adui yeyote, na jambo hilo humtisha zaidi. Wala sithubutu kumpima Luther kwa mbali. Lakini tarehe 6 Julai 1527 alianguka nyumbani kwake Wittenberg akiamini kwamba anakufa, nao Bugenhagen na Jonas walikuwa pamoja naye katika saa zile. Sijui ni wangapi kati yetu wangethubutu kumwambia kwamba imani yake ni haba.

Nimesema mgonjwa huenda hana adui. Lakini rafiki wa zaburi hii ni yule aliyefuatana na mshairi kwenda nyumba ya Mungu. Msharika aliyemfungulia mzee wa kanisa moyo wake faraghani, kisha Jumapili akasikia pepo wake akitajwa hadharani katika maombi, ataielewa mistari ya 13 na 14 bila mhubiri kumfafanulia.