Anjera ya Minjila, Injera ya Nairobi

Ukishuka basi Minjila asubuhi, pale barabara ya Lamu inapoachana na ile ya Hola na Garissa, cha kwanza kukupokea ni vumbi, cha pili ni harufu ya anjera. Unaingia hotelini, unakaa kwenye benchi, unaletewa tatu zimekunjwa kwenye sahani ya plastiki, sukari juu, chai ya maziwa kando. Ukiwa na pesa unaongeza nyama ya mbuzi iliyokatwakatwa. Menyu hakuna, wala hakuna mtu wa kukwambia kwamba unakula utamaduni. Ni kiamshakinywa tu.

Kwa hivyo nilipoingia mkahawa mmoja wa Kihabeshi mtaani Kilimani, Nairobi, nilijua nitakuwa mteja msumbufu. Nilikuwa na rafiki yangu wa tangu utotoni. Sote ni wa Minjila. Mimi Mpokomo, yeye Muorma. Tulikuwa na pesa za kazi niliyolipwa baada ya kuzungushwa miezi miwili, na tukaamua kwa siku moja tule kama watu wanaoandikiwa makala.

Mahali penyewe ni pazuri. Meza ni vikapu vya kusukwa vyenye vifuniko, ukutani picha za makanisa yaliyochongwa mwambani kule Lalibela, ubani unafuka kwenye kona. Wahudumu wamevaa nguo nyeupe zenye tarizi. Na juu kabisa ya menyu, kwa herufi kubwa, kuna msemo wa kwao: walao sahani moja hawasalitiani.

Nimeusoma msemo ule mara tatu. Nitaurudia, kwa sababu ndio ulionifanya niandike haya. Kwanza chakula.

Injera si anjera, wacha tusidanganyane. Yetu ni ya unga wa ngano, pengine na mtama kidogo, inalala usiku mmoja na asubuhi iko tayari. Yao ni ya tefu, nafaka ndogo kuliko punje ya mchanga, na uji wake huachwa uchachuke kwa siku kadhaa kabla ya kumiminwa kwenye kikaango kipana. Inatoka upana wa sinia, rangi ya majivu, juu imejaa vitundu ambavyo wenyewe huviita macho. Hiyo ndiyo sahani na ndiyo kijiko, na mwisho unaila. Ya pale ilikuwa chachu kisawasawa, uchachu unaofika mpaka nyuma ya taya. Nimewahi kula nyingine Nairobi zilizopozwa ili zisimtishe mgeni. Hii haikuomba msamaha, na hapo nawapa alama zote.

Mimi niliagiza doro wat, mchuzi wa kuku. Huu ndio mchuzi wa sikukuu kule Ethiopia: kwa desturi kuku mmoja hukatwa vipande 12, na kazi yenyewe iko kwenye vitunguu, ambavyo huanza kwenye sufuria kavu bila mafuta, vinakorogwa taratibu mpaka viyeyuke, ndipo inaingia berbere, ule mchanganyiko wao mwekundu wa pilipili na viungo, na samli iliyokaangiwa viungo. Yai la kuchemsha linakuja mwisho. Kwa shilingi 1,200, mpishi alitakiwa kuwa na subira. Hakuwa nayo. Kitunguu kilikuwa bado kina utamu wa ubichi, na pilipili ilikaa juu ya mchuzi badala ya kuingia ndani. Kwa mtu aliyekulia kwenye mchuzi wa samaki wa nazi, ambao nao haukubali haraka, kosa hilo nalijua kwa ulimi.

Rafiki yangu ni Mwislamu, na kabla ya kuagiza alimuuliza mhudumu nani kachinja. Yule dada hakubabaika. Alisema, "Kaka, nyama ya leo usile. Nitakuletea ya kufunga, utafurahi." Ilikuwa Jumatano. Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa: hawali nyama, maziwa, samli wala mayai. Kwa ajili ya siku hizo wamejijengea jikoni lingine kamili. Akaletewa beyaynetu, yaani kidogo cha kila kitu: adesi nyekundu za pilipili, shiro ambalo ni rojo zito la unga wa dengu, kabichi na karoti, na sukuma. Ndiyo, sukuma, yenye tangawizi na kitunguu saumu, na ikatushinda sisi tunaoila kila siku. Doro wat yangu yule dada aliileta kwenye bakuli lake peke yake, mbali na sinia. Hatukumwomba.

Beyaynetu ndicho chakula bora cha nyumba ile. Nilijikuta mkono wangu unaiacha bakuli yangu ya bei ghali na kuhamia kwenye sinia la rafiki yangu. Kumbe chakula cha kujinyima cha Mkristo ndicho pekee mezani ambacho Mwislamu na mimi tungeweza kula pamoja bila mmoja wetu kujikaza.

Sasa turudi kwenye ule msemo. Si kweli. Hata huko ulikotoka si kweli kirahisi hivyo. Nchini Ethiopia, kwa desturi, Mkristo hali nyama aliyochinja Mwislamu, na Mwislamu hali ya Mkristo. Kila upande una bucha zake, na kwenye sherehe zenye wageni wa pande zote hupikwa vyungu viwili. Sinia moja lina mpaka katikati, na watu wanaishi nao kwa sababu kuna mtu aliyekumbuka kupika chungu cha pili.

Na sisi wa Tana Delta tunaujua uongo wa msemo ule kwa njia nyingine. Mimi nilikuwa darasa la sita mwaka 2012. Kati ya Agosti mwaka ule na Januari 2013, Wapokomo na Waorma waliuana, mkulima na mfugaji, kwa ajili ya malisho, mashamba na njia za kwenda mtoni, huku siasa za uchaguzi zikichochea. Walikufa zaidi ya watu 100, wakiwemo wanawake na watoto. Hawa hawakuwa watu ambao hawajawahi kula pamoja. Maziwa ya chai yetu yalikuwa ya Muorma, mahindi ya nyumba yake yalikuwa yetu.

Nyumbani kwetu alikuwa akija mama mmoja wa Kiorma na maziwa, kila siku kabla ya shule. Akaacha kuja. Tukanywa turungi, na hakuna mtu mzima aliyeeleza kwa nini. Miezi mingi baadaye, asubuhi moja, akabisha mlangoni na kidumu chake. Mama yangu alichukua kikombe, akaonja maziwa palepale mbele yake, akalipa. Hawakuongea chochote cha maana. Nilikasirika, nikadhani mama anamshuku. Nimechukua miaka kuelewa kwamba alikuwa akimwonyesha: nakunywa chako, unaniona.

Hicho ndicho menyu ya Kilimani inakosa. Inauza umoja kama kitu kinachotokea chenyewe sinia likitua mezani. Umoja ule tulioupata pale ulitoka kwa mhudumu aliyesema ukweli kuhusu nyama, akatenga bakuli.

Na kuna jambo la pili. Kahawa ilipokuja, ile ya kukaangwa mbele yako na kumiminwa kutoka jebena, chungu chao cheusi cha shingo ndefu, rafiki yangu alisema kwa sauti, "Buna." Yule dada akageuka. Akamuuliza kitu, naye akajibu, nusu wakaelewana, nusu wakacheka. Alikuwa Muoromo kutoka Jimma. Kioromo chake na Kiorma cha Minjila ni matawi ya mti mmoja. Wakaanza kuulizana kuhusu buni zinazokaangwa na maganda yake kwenye samli na kutafunwa, jambo ambalo Waorma na Waborana wa kwetu wanalijua kwenye shughuli za heshima. Waoromo ndio kabila kubwa zaidi Ethiopia, na hakuna neno lao hata moja kwenye menyu ile, wala kwenye kuta. Mhudumu wao amevishwa Ethiopia ya watu wengine na kuambiwa atabasamu. Mkahawa unaojiita wa nchi nzima unafaa kuona aibu kidogo kwa hilo. Na sisi Wakenya tuone aibu kidogo pia, tunaovuka mji kwenda kutafuta "vyakula vya kigeni" ambavyo jamaa zao wanaviita vya kwao pale Garsen.

Kahawa yao hunywewa raundi tatu, kutoka buni zilezile, kila raundi nyepesi kuliko iliyopita. Ya kwanza ni abol, ya pili tona, ya tatu baraka. Hilo la mwisho hatukuhitaji kutafsiriwa. Wengi huondoka baada ya ya kwanza, kwa sababu ndiyo kali na ndiyo tamu, na Nairobi kila mtu ana haraka. Sisi tulikaa mpaka ya tatu. Ilikuwa karibu maji matupu.

Nendeni, lakini nendeni Jumatano au Ijumaa. Agizeni ya kufunga, muacheni kuku. Na msiondoke kabla ya kikombe cha tatu.