Kabla ya Baruti ya Kwanza

Mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme la Kihansi ukiwa umeshaanza, watafiti waliokuwa wakikagua korongo la mto Kihansi katika milima ya Udzungwa, Tanzania, walikuta vyura wa manjano wasiofika sentimita 3, wanaozaa vitoto hai badala ya kutaga. Hawapatikani popote pengine duniani. Makao yao yote yalikuwa hekta chache zilizoloweshwa na rasharasha za maporomoko. Mitambo ya megawati 180 ilipowashwa, sehemu kubwa mno ya maji ikaacha korongo na rasharasha ikakatika. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, mabomba ya kunyunyizia yakatandazwa bondeni, kisha ugonjwa wa kuvu ukaingia. Kufikia 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini. Hapo ndipo naona ubora wa mtaalamu wa mazingira katika migodi na nishati: yeye ni mpimaji wa mapema zaidi ya kuwa msafishaji wa uchafu.

Mgodini, mapema hiyo ndiyo kila kitu. Miamba mingi ya dhahabu ina salfaidi. Ikichimbuliwa ikapata hewa na mvua hutoa asidi, na asidi huyeyusha metali na kuzishusha mtoni, pengine miaka mingi baadaye, hata mgodi ukiwa umefungwa. Siku mwanakijiji atakapouliza kama kisima chake kilikuwa hivi tangu zamani, jibu litatoka kwenye chupa zilizojazwa kabla ya baruti ya kwanza. Na chupa hizo zina adabu yake. Husuuzwa mara 3 kwa maji yaleyale yatakayopimwa, maji huchujwa, hutiwa matone ya asidi ya nitriki ili metali zisigande ukutani mwa chupa, saa huandikwa palepale. Kati yazo husafiri chupa moja ya maji safi kabisa: maabara ikikuta metali ndani yake, kosa ni la upimaji.

Chupa hiyo ndiyo ninayowaonyesha wanaosema kwamba anayelipwa na mgodi hawezi kuupima mgodi. Shaka yao ni halali, na ripoti hufichika. Lakini ufundi huu umejiwekea mtego wake wenyewe, na namba iliyopatikana hivyo mtu mwingine anaweza kuirudia. Hoja nzito zaidi ni kwamba nchi inayohitaji umeme haiwezi kusimama kwa ajili ya chura. Kihansi haikulazimika kuchagua: maji kiasi yanaachiwa korongoni na mitambo inazunguka. Kilichokosekana ni habari za chura huyo wakati mchoro ulikuwa bado karatasini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 sasa inadai tathmini kabla ya mradi kuanza. Vyura walioanza kurudishwa korongoni 2012 walirudi chini ya mabomba, na matundu ya mabomba hayo yanahitaji mtu wa kuyazibua.