Ruta yako, modemu yao: ushauri wenye ukweli nusu

Leo tunaukagua ushauri mmoja unaozunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp: "Achana na kisanduku cha kampuni, nunua ruta yako, intaneti itapaa."

Mama mmoja, jirani yangu hapa Kingolwira, aliufuata. Binti yake anasoma kwa mtandao na chumbani kwake video zilikuwa zinakwamakwama. Mama akatoa hela aliyokuwa ameitenga kwa kodi ya nyumba, akanunua ruta yenye antena nne, akaichomeka pembeni ya modemu aliyoikodi. Chumbani hakuna kilichobadilika. Akaniita: "Mwanangu, wewe si unasoma mambo haya? Nimepigwa?"

Muuza duka hakumpiga. Ameponzwa na ushauri usioeleza kipi kinafanya kazi gani.

Kile kisanduku cha kampuni kina kazi tatu. Kwanza ni modemu: kwenye fiba, kinageuza mwanga kuwa ishara za umeme ambazo vifaa vyako vinazielewa. Pili ni ruta: kinagawa anwani kwa simu na kompyuta za nyumbani na kuelekeza data. Tatu kinarusha Wi-Fi. Ruta unayonunua inachukua kazi ya pili na ya tatu tu. Ya kwanza inabaki kwa kampuni, na kikomo cha kifurushi kinabaki hukohuko. Ukilipia Mbps 20, utapata 20 hata ukifunga antena nane. Bomba la nusu inchi haliongezi maji kwa sababu umenunua ndoo kubwa.

Basi ushauri ni wa uongo? Hapana. Kwenye Wi-Fi una hoja nzito. Masafa ya 5 GHz yana kasi lakini yanachoka upesi yakikutana na kuta za tofali. Ya 2.4 GHz yanapenya vizuri zaidi, ila yanajaa: chaneli zisizoingiliana kwa kawaida ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, na majirani wote wamo humohumo. Halafu fundi huweka modemu pale waya ulipoingilia, si pale mnapokaa. Ruta yako unaweza kuisogeza hadi katikati ya nyumba kwa waya wa mtandao, ambao unafika mpaka mita 100. Faida iko kwenye kusogeza, na washauri hawaisemi.

Kasoro ya pili: hawagusi suala la ruta mbili kufuatana. Fikiria shule yenye S.L.P. moja. Barua zote zinafika kwa karani, naye anajua ipi ni ya nani. Sasa weka karani wa pili ndani ya bweni. Majibu ya barua mlizoandika wenyewe yatafika, maana kila karani anakumbuka nani aliandika. Lakini mgeni akiandika bila kuandikiwa kwanza, karani wa kwanza hajui ampelekee nani. Ndiyo maana kuperuzi kunakwenda vizuri huku baadhi ya michezo, au kamera unayotaka kuitazama ukiwa mbali, zikigoma. Dawa ni kuiweka modemu katika hali ya daraja, ili ibaki na kazi ya kwanza tu. Ukiona anwani ambayo ruta yako imepewa upande wa nje inaanza na 192.168, mara nyingi ujue makarani ni wawili.

Hapa lawama inahamia kwa kampuni. Mteja anayekodi kifaa akinyimwa hata kuomba hali hiyo, anakuwa mpangaji asiyeruhusiwa kusogeza kitanda chake. Ujerumani, tangu Agosti 1, 2016, sheria inamruhusu mteja kutumia modemu na ruta yake mwenyewe, na kampuni lazima impe taarifa za kuunganisha. Kwetu, TCRA huidhinisha aina za vifaa vya mawasiliano, kwa hiyo uliza kama ruta imeidhinishwa kabla hujalipa. Kampuni nayo ingeweza kueleza hali ya daraja kwenye karatasi ya mkataba, kwa Kiswahili.

Kwa mama tulifanya jambo la dakika tano ambalo lilipaswa kutangulia manunuzi: tukachomeka laptopu kwenye modemu kwa waya, tukapima. Kasi ilikuwa kamili. Kumbe tatizo lilikuwa kuta. Kama hata kwa waya ingekuwa ndogo, ruta isingesaidia kitu, ni kuipigia kampuni simu tu. Tukavuta waya, tukahamishia ruta koridoni, na modemu ikazimwa Wi-Fi yake. Binti sasa anasoma chumbani kwake.

Mama aliuliza swali moja tu: "Kwa nini hawakuniambia nipime kwanza?" Nami nawauliza washauri wa magrupu swali hilohilo.